Mmeshinda Mnada: Je, Mmeshinda Nini?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya kawaida ya nyumba: pesa, wakwe, malezi ya watoto, maneno yanayosemwa usiku taa ikishazimwa. Safari hii nawaomba tukae kidogo juu ya jambo ambalo wazazi wetu walilijua kwa sura nyingine, na ambalo sasa limeingia chumbani mwetu kupitia simu. Ni mnada. Sisemi mnada wa ng'ombe wa siku ya soko, wala ule wa dalali mwenye kengele. Nasema mnada wa mtandaoni, ambapo mtu anaweza kulala kitandani, mwenzake akidhani anasoma habari, kumbe yuko katikati ya vita vya bei na watu asiowajua, kwa ajili ya gari lililo Mombasa, jokofu lililo Nairobi au saa ya mkono iliyo Uingereza.

Je, kuna ubaya gani? Wengine watasema hakuna. Mtu akinunua kitu kwa bei ndogo kuliko ya dukani, si ameiokolea familia pesa? Wengine watasema hiyo ni kamari tu iliyovaa koti. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na ningependa tufikiri pamoja kabla ya kutoa hukumu.

Kwanza tuseme ukweli: mnada unafurahisha, na furaha yake si ya kipumbavu. Dukani bei imekwisha kuamuliwa na mtu usiyemwona. Kazi yako ni kulipa au kuondoka. Mnadani wewe nawe una kauli. Tena kuna vitu ambavyo hutavipata dukani kamwe: cherehani ya chuma kama ile ya nyanya yako, kitabu kilichoacha kuchapishwa, kipuri cha gari ambalo kiwanda chake kimeacha kulitengeneza. Wapo waume na wake wanaokaa pamoja jioni wakipitia orodha ya vitu vya mnada kama vile wengine wanavyotazama mchezo wa televisheni. Hupita wiki nyingi bila kununua kitu, lakini wanacheka, wanabishana kuhusu kabati, wanajifunza bei, na kwa njia hiyo kila mmoja anajua mwenzake anatamani nini. Kama ningekuwa daktari wa ndoa ningewaandikia wengi dawa hiyo.

Mnada wa mtandaoni unaojulikana zaidi duniani, eBay, ulianzishwa na Pierre Omidyar huko California mwaka 1995, kwa jina la AuctionWeb. Hadithi iliyosimuliwa kwa miaka ilisema kwamba kijana huyo aliuanzisha ili kumsaidia mchumba wake, aliyekuwa akikusanya vikopo vya peremende za Pez, apate watu wa kubadilishana nao. Ni hadithi tamu, hasa kwa ukurasa kama huu. Kwa bahati mbaya si ya kweli. Ilibuniwa na mfanyakazi wa kampuni ili magazeti yapate cha kuandika, na baadaye ikakubaliwa wazi kwamba ilibuniwa. Kile kinachojulikana kuwa kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha miale ya leza, tena kibovu, nacho kilinunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar alipomwuliza mnunuzi kama alielewa kwamba hakifanyi kazi, alijibiwa kwamba yeye hukusanya vitochi vilivyoharibika.

Hapo ndipo siri ya mnada ilipo. Thamani ya kitu haimo ndani ya kitu peke yake. Imo pia ndani ya mtu anayekitaka. Kitochi kibovu kwangu ni takataka, kwako ni hazina, na hakuna aliyekosea. Lakini mtu huyo anayekitaka akiwa ameoa au ameolewa, swali linabadilika. Mkusanyaji wa vitochi asiye na mke anaweza kusema, "Kwangu kina thamani," na mjadala ukaishia hapo. Aliye katika ndoa hawezi kuishia hapo, kwa sababu pesa zinazotoka mfukoni ni za watu wawili, na ikiwa wana watoto, ni za karo pia. Neno "kwangu" linapaswa kupita mezani, penye sahani mbili, kabla ya kuwa dau.

Sasa hebu tulinganishe mnada huu wa simu na mwingine ambao wengi wenu mmeuona kwa macho. Siku ya harambee ya kujenga kanisa, au Jumapili ya mavuno, mtu huleta jogoo, mkungu wa ndizi au keki. Msema chochote mwenye mzaha anaanza kunadi. Jogoo ambaye sokoni hafiki shilingi 1,500 anapanda hadi 5,000, watu wanapiga vigelegele, mwenyekiti wa wanaume anashindana na mgeni wa heshima, na mwisho jogoo anauzwa kwa bei ya mbuzi. Aliyeshinda mara nyingi humrudisha jogoo anadiwe tena! Je, mtu huyo ametapeliwa? La. Kila mtu anajua kwamba ile ziada ni sadaka. Mkewe ameketi pale pale, anamwona, anaweza kumvuta shati akizidisha. Tena pesa aliyozidisha inakwenda mahali ambapo wote wawili wanapafahamu.

Mnadani kwenye simu ziada ileile haiitwi sadaka. Inakwenda kwa muuzaji, na sehemu yake kwa mwenye mtandao, bila vigelegele na bila shukrani. Hakuna wa kukuvuta shati. Nyuso za wanaoshindana nawe hazionekani, yapo majina ya bandia tu, herufi na nyota. Ajabu ni kwamba moyo hautofautishi. Damu inachemka vilevile kana kwamba uko uwanjani na kijiji kizima kinakutazama. Unamchukia mtu ambaye hujawahi kumwona, kwa sababu amekupita kwa shilingi 200.

Tuseme baba na mama watoto wanahitaji jokofu. Wamekaa, wamehesabu, wamekubaliana kwamba hawatapita shilingi 40,000. Mnada unafungwa saa nne usiku. Mama amelala, kesho ana zamu ya asubuhi. Baba anatazama. Saa nne kasoro dakika mbili dau lake la 40,000 linapitwa. Mtu ametoa 40,500. Baba anajiambia, "Mia tano ni nini?" Anatoa 41,000. Mwenzake wa gizani anatoa 41,500. Katika minada mingi dau la dakika ya mwisho huongeza muda, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema saa imeniokoa. Saa nne na robo baba ameshinda kwa 52,000. Anamwamsha mkewe.

"Mama watoto, tumeshinda!"

"Tumeshinda kwa ngapi?"

Na hapo ukimya unaingia chumbani.

Hebu tumtendee haki baba huyu. Kila hatua aliyopiga ilikuwa ndogo. Kama ungemwuliza jioni, "Je, uko tayari kuongeza 12,000 juu ya mlichokubaliana?" angekataa kwa hasira. Hakuna aliyemwuliza hivyo. Aliulizwa mara 12, kila mara kwa kiasi kidogo, na kila mara jibu lake lilikuwa na akili. Ni nani atakayeacha jokofu zuri kwa ajili ya mia tano? Hili ni fumbo la zamani la wanafalsafa: punje moja haifanyi lundo, na ukiongeza punje moja juu ya kitu kisicho lundo, bado si lundo, basi lundo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye punje ambazo kila moja ilikuwa haina hatia.

Ndiyo maana nasema kwamba mpaka uliokubaliwa na wawili hauna tabia ya makisio ya bei. Una tabia ya ahadi. Makisio hubadilika habari mpya zikija. Ahadi huwekwa makusudi ili isibadilike pale ambapo habari pekee iliyokuja ni kwamba unatamani zaidi. Jiulize unapotaka kupandisha dau dakika za mwisho: nimejifunza nini kuhusu jokofu katika dakika hizi kumi? Je, nimeona kwamba ni jipya kuliko tulivyodhani? Au nimejifunza tu kwamba kuna mtu mwingine anayelitaka? Kama ni hilo la pili, hujajifunza chochote kuhusu jokofu.

Kuna mtaalamu wa uchumi, William Vickrey, aliyeandika mwaka 1961 juu ya mnada ambapo kila mtu anatoa bei yake kwa siri, wa juu kabisa anashinda, lakini analipa bei ya yule wa pili. Alionyesha kwamba katika mnada wa namna hiyo hakuna ujanja unaozidi kusema ukweli: taja kiasi ambacho kitu hicho kina thamani kwako, kisha nyamaza. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Nobel, akafariki siku chache baada ya tangazo. Mnada wa eBay unafanana na fikira hiyo. Unaandika dau lako la juu kabisa, wengine hawalioni, na mashine inakupandishia kidogo kidogo, kadiri tu inavyohitajika kumpita mwenzako. Kwa hiyo mtu aliyesema ukweli wake tangu mwanzo hana sababu ya kukesha. Anaweza kwenda kulala na mkewe, na asubuhi akaona kama ameshinda au la. Wapo wanaongoja sekunde za mwisho ndipo waweke dau, ili wasiwachokoze wengine kupandisha. Hilo nalo laweza kuwa na akili. Lakini anayeamka kupandisha dau lake mwenyewe kwa mara ya nne amekiri kwamba bei aliyoiandika jioni haikuwa ukweli wake.

Na kuamka ni kuamka kweli. Mnada unaofungwa saa moja jioni huko California wakati wa kiangazi chao, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Nani anaamua mambo ya pesa vizuri saa hiyo, akiwa peke yake, chini ya blanketi, akificha mwanga wa simu?

Kuna mtego mwingine ambao haumsamehe hata mtu mtulivu. Wataalamu wa mafuta waligundua jambo hili Marekani. Mwaka 1971 wahandisi watatu, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kwamba kampuni zilizoshinda minada ya kuchimba mafuta katika Ghuba ya Mexico zilikuwa zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Kwa nini? Hakuna aliyejua kwa hakika mafuta yaliyo chini ya bahari ni kiasi gani. Kila kampuni ilikadiria. Wengine walikadiria chini, wengine juu, na aliyeshinda daima alikuwa yule aliyekadiria juu kuliko wote, yaani yule ambaye huenda alikosea zaidi.

Lileteni jambo hilo kijijini. Watu 20 wanakadiria uzito wa fahali kwa macho. Wengi watakuwa karibu na ukweli, wachache watakuwa mbali. Sasa sema kwamba fahali anapewa yule aliyetaja uzito mkubwa kuliko wote, naye alipe kwa kilo alizotaja. Je, ungependa kuwa mshindi? Ukinunua mnadani gari lenye injini ambayo hujaifungua, au simu iliyotumika, kumbuka kwamba watu wote wengine walioitazama waliona kwamba haifiki bei hiyo. Ushindi wako ni habari, na wakati mwingine si habari njema. Ndiyo sababu mtu mwenye busara katika vitu vya namna hii hutoa dau lililo chini ya makisio yake mwenyewe, na kadiri washindani wanavyokuwa wengi ndivyo anavyozidi kurudi nyuma. Moyo, kama mjuavyo, hufanya kinyume.

Warumi waliwahi kuliona hili kwa ukubwa wake wote. Mwaka 193 walinzi wa mfalme walimwua mtawala wao, kisha wakaunadi ufalme. Didius Julianus alishinda kwa kuahidi kila mlinzi sesta 25,000. Alitawala kwa zaidi kidogo ya miezi miwili, akauawa.

Tena iko minada ambayo ingefaa ikae nje ya nyumba kabisa. Ni ile inayokutoza pesa kwa kila dau unaloweka, ushinde au usishinde. Kulikuwa na mmoja mashuhuri, Swoopo, ulioanzia Ujerumani na kufungwa mwaka 2011. Katika baadhi ya minada yake kila dau liliongeza bei kwa senti moja tu na kuongeza muda kidogo, lakini kuweka dau kuligharimu senti 60 au zaidi. Hesabu mwenyewe. Kitu kikiuzwa kwa dola 50, yaani madau 5,000, wachezaji wamelipa dola 3,000 kwa ajili ya madau peke yake. Aliyeshinda alitangazwa kuwa amepata kitu kwa bei ya kutupa; mamia walioshindwa hawakutangazwa. Huo si mnada, ni bahati nasibu. Katekisimu ya Kanisa haisemi kwamba michezo ya bahati ni dhambi kwa yenyewe. Inasema huwa mbaya inapomnyang'anya mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea. Sasa pima mwenyewe unga wa watoto uko upande gani.

Mtaalamu mwingine, Martin Shubik, aliandika mwaka huohuo wa 1971 juu ya mchezo wa kunadi noti ya dola moja. Sharti lilikuwa kwamba aliyeshinda anachukua dola, lakini aliyeshika nafasi ya pili naye analipa dau lake, bila kupata chochote. Watu huanza kwa kucheka, senti tano, senti kumi. Wakifika karibu na dola moja kicheko kinakwisha, kwa sababu wa pili anaona afadhali atoe dola na senti tano kuliko kupoteza senti 95 bure. Dola moja huweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko dola. Nikisoma habari hii nawaza ugomvi wa wanandoa zaidi kuliko ninavyowaza mnada. Kila mmoja ameshalipa kwa maneno makali, kila mmoja anaona akiacha sasa atakuwa amelipa bure, basi anaongeza. Samahani, nimetoka nje ya njia, turudi.

Mpaka hapa nimemlaumu zaidi baba mwenye jokofu, aliyevunja makubaliano. Je, yule ambaye hakuwa na makubaliano yoyote ya kuvunja? Tuseme mama amepata pesa za mzunguko wa chama. Bila kusema neno ameingia mnadani, amepata cherehani ya umeme kwa nusu ya bei ya dukani, imefika ikiwa nzima, na ndani ya mwezi imeanza kuleta faida. Mume akijua anauliza, "Mbona hukuniambia?" Naye anajibu, "Kwani ni hasara?" Jibu hilo lina nguvu. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo mume anahisi kwamba kuna kitu kimechukuliwa, na sidhani kwamba ni wivu tu. Faida iliyopatikana haiwezi kumrudishia nafasi ya kuulizwa. Kuulizwa ndiko kunakomfanya mtu awe mwenzi, siyo mpangaji katika nyumba ileile. Na kuna jambo la pili. Siri iliyoleta faida ni mwalimu mbaya kuliko siri iliyoleta hasara. Inamfundisha mtu kwamba mwenzake si wa lazima, na somo hilo analikumbuka siku ya mnada unaofuata, na ule wa baadaye.

Upande wa pili nao usemwe. Wapo waume, na wake pia, ambao kuulizwa kwao ni kukataa. Kila ukitaja kitu jibu ni "Pesa hakuna," hata kama zipo. Mwenzi wa mtu kama huyo hujifunza kuficha kama vile mtoto wa mzazi mkali anavyojifunza kudanganya. Ukigundua kwamba mwenzako ameanza kununua kwa siri, usianze kwa kuchunguza simu yake. Anza kwa kukumbuka ni mara ngapi katika mwaka uliopita ulisema "ndiyo".

Sheria yetu ya Kenya ina mafunzo hapa. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mwenzi atie sahihi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Lakini angalieni: sheria hizo zinalinda mlango wa kutokea. Mlango wa kuingilia ni wazi. Kuuza shamba kunahitaji sahihi mbili; kuweka dau la shamba kunahitaji kidole gumba kimoja. Na dau la shamba si mchezo. Katika minada ya ardhi mara nyingi mshindi hudaiwa robo ya bei papo hapo, na salio ndani ya siku 90. Akishindwa, arbuni yake inaweza kupotea. Familia inaweza kupoteza akiba ya miaka kumi kwa sababu mtu mmoja alishinda.

Nimetaja shamba, na sasa nafika kwenye swali linalonisumbua zaidi kuliko yote. Vitu vingi vinavyonadiwa kwetu havikuletwa na mtu aliyechoka navyo. Vimechukuliwa kwa deni. Gari lililo katika yadi ya benki lilikuwa teksi ya mtu. Shamba lenye picha nzuri ya migomba lina watu ndani yake, na huenda migomba hiyo ilipandwa na mama ambaye hakujua kwamba hati imewekwa rehani. Je, mnaweza kununua na kulala usingizi?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika kwamba si halali kumwuzia mtu kitu kwa bei kubwa kupita thamani yake kwa sababu tu ana shida nacho. Shida ile ni yake, si mali yako ya kuuza. Geuza fikira hiyo upande wa mnunuzi, nayo bado inasimama. Lakini mnunuzi wa mnadani hakumfilisi mtu, na kama hakuna atakayenunua, deni halifutiki; linazidi kukua kwa riba. Dau zuri lililo wazi huweza kumsaidia mdaiwa, kwa sababu kila shilingi inayoongezeka inapunguza deni lake, na ikibaki ziada ni haki yake kurudishiwa. Sheria ya Ardhi hata inamtaka mwenye rehani atafute bei nzuri inayowezekana. Kwa hiyo naona kwamba kununua si dhambi. Ubaya uko kwingine: kupatana na wengine chini kwa chini msipandishe bei, kumhonga dalali mnada usitangazwe vizuri, kungojea jirani aanguke ili umchukulie kwa bei ya kutupa wakati ulikuwa na uwezo wa kumkopesha. Na kuna mashamba ambayo hata kama sheria imekuruhusu, ni afadhali uyaache. Ukinunua boma la ndugu yako wa ukoo mtakutana naye kila mazishi na kila harusi mpaka mmoja wenu azikwe. Hilo zungumzeni ninyi wawili, na wazee pia, kabla hamjatoa dau.

Niseme kidogo juu ya magari kutoka Japani, maana hapo ndipo wanandoa wengi wanapoingia mnadani kwa mara ya kwanza, kwa kupitia wakala. Kule gari hukaguliwa na kupewa alama kwenye karatasi ya mnada. Alama ya R huonyesha kwamba gari liliwahi kutengenezwa baada ya ajali. Mwombe wakala karatasi hiyo, na itafsiriwe. Gari lisizidi umri wa miaka minane, la sivyo haliingii Kenya. Na kuna jambo linalowashangaza wengi: ushuru wa KRA kwa magari yaliyotumika hukokotolewa kutoka orodha yao wenyewe ya bei, ukipunguzwa kwa umri wa gari, siyo kutoka bei uliyoshinda nayo. Kushinda kwa bei ndogo hakukupunguzii ushuru hata shilingi. Ongeza meli, bandari, ukaguzi na bima, ndipo mjue kama mpaka wenu ni wa dau au ni wa gari likiwa mlangoni. Wengi huugua kwa kutotofautisha haya mawili. Andikeni yote kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wa wote wawili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa minada ya hapa nyumbani, ulizeni kama dalali ana leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996. Nendeni mkakitazame kitu siku ya maonyesho, wote wawili kama inawezekana, kwa sababu vitu huuzwa kama vilivyo na pale vilipo. Mmoja atazame injini, mwingine atazame viti na chini ya kapeti. Kama muuzaji ni mtu asiyejulikana na anataka M-Pesa kabla hamjaona kitu, ondokeni.

Na ikiwa mmoja wenu anasoma haya huku tayari ameshinda kitu ambacho mwenzake hajui? Mwambie leo, kabla lori halijafika. Mwambie bei yote, pamoja na usafiri, siyo ile ya kwanza tu. Usimletee kama zawadi, maana zawadi inayonunuliwa kwa pesa za mwenye kupewa humlazimisha aseme asante. Kisha ulizaneni kama mnalipa salio au mnaacha arbuni ipotee. Mara nyingine kuipoteza ni nafuu, na ni ninyi wawili mtakaoamua. Ila msikae muda mrefu mkiamua: yadi nyingi hutoza ada ya kuhifadhi kwa kila siku kitu kinayobaki pale, na siku ya Jumapili nayo huhesabiwa.